Namba Chini ya Sahani

Mimi, Doreen Colclough, ndiye mwanamke pekee katika Burslem nzima, mji wetu wa vyungu huku Uingereza, aliyewahi kushinda pauni elfu tatu za bingo kwa mkupuo mmoja. Muulize yeyote. Mpaka leo wanawake wenzangu hunigusa mkono wa sweta kabla ya kununua kadi zao, ili bahati iwaambukize.

Sikushinda hata senti. Nilikopa benki.

Kama gazeti la wiki jana, nilipoanza kisa hiki, ulifungia chipsi, nitakurudisha nyuma kidogo. Mwaka 1996 Wilfred, kaka yake mume wangu, alikuwa anakufa huko Kanada, na nauli hatukuwa nayo. Mume wangu Clifford hakopi. Akiwa na miaka saba aliwaona watu wa mahakama wakivitoa vitanda vya mama yake barabarani, mvua inanyesha, kwa sababu ya deni. Tangu siku hiyo deni kwake ni kama ukoma. Angekubali kaka yake azikwe bila kuonana naye kuliko kupanda ndege ya mkopo.

Basi nikaenda benki kimyakimya, nikarudi na zile elfu tatu nikipiga vigelegele kwamba nimeshinda bingo. Clifford akalia. Akaenda Kanada, akamshika kaka yake mkono kwa siku tisa, akarudi akimtangazia kila mtu kwamba mke wake ana mkono wa bahati.

Sasa, yule karani wa benki, mwenye tai ya njano, alikuwa amenipachikia bima. "Bila bima hakuna mkopo, mama," alisema. Bima ya kukulipia deni ukiugua au ukipoteza kazi. Mimi nilikuwa napaka maua kwenye sahani za kiwanda, nyumbani kwangu, nalipwa kwa kila dazeni. Sikuwa na bosi wala barua ya ajira. Kumbe watu wa namna yangu ile bima haikuwahusu hata chembe. Nilikuja kulijua hilo miaka miwili baadaye, kifundo cha mkono kilipogoma, nikawaomba wanilipie. "Wewe huna mwajiri," wakaniambia. Nilikuwa nimenunua mwavuli usiofunguka siku ya mvua. Deni nikalimaliza kwa kudeki ofisi za watu alfajiri, na siku niliyolimaliza nikazitia karatasi zote motoni, nikaota moto vizuri.

Mwaka huu wakubwa wameamua: kila aliyeuziwa bima hiyo kwa hila arudishiwe hela zake, mradi adai kabla Agosti haijaisha. Nikadai. Wiki jana benki wakanijibu kwamba wamelitafuta jina langu, hawakuliona. Ile benki niliyokopa imemezwa na nyingine, na hiyo nyingine imemezwa na ya tatu. Anwani niliyotumia ilikuwa ya dada yangu Noreen, marehemu, aliyekuwa akihamahama kama paka mwenye watoto. "Tupatie karatasi yoyote, mama," wakasema. "Hata moja. Au namba ya mkopo."

Karatasi nimeshaziota moto. Hapo ndipo nilipokuachia.

Na usidhani nazitaka hela hizo za kuchezea bingo. Tangu mwanzoni mwa Machi magoti ya Clifford yamekataa ngazi. Analala sebuleni, kwenye kiti, na mimi nalala juu, peke yangu, kwenye kitanda cha watu wawili. Miaka hamsini na miwili tumelala pamoja, tukigombana, tukikoroma. Sasa upande wake wa kitanda ni baridi kama sakafu ya kanisa. Viko viti vya umeme vinavyopanda ngazi kwenye reli, mtu ameketi kama mfalme. Halmashauri wameniambia nisubiri miaka miwili. Clifford ana miaka sabini na minane. Miaka miwili ya kusubiri ni ya vijana.

Namtaka mume wangu arudi kitandani, na asijue hela zimetoka wapi. Sina haja nyingine.

Jumanne asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na sita za kudai, nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia namwosha Clifford miguu kwa beseni, maana bafu nalo liko juu.

"Polepole hapo," akasema. "Goti hilo."

"Juzi lilikuwa la kushoto."

"Limehamia."

Maumivu ya uzee ni kama wageni, huwezi kuyachagulia chumba.

"Leo unakwenda wapi?" akauliza.

"Kliniki ya macho."

"Tena?"

"Wanataka kuyaangalia kwa nyuma."

"Hii mara ya nne mwezi huu. Kama kuna kitu wanakitafuta huko nyuma, waambie mimi nimeshatafuta miaka hamsini, hamna kitu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na rangi ya mdomo ya nini?"

"Daktari anione vizuri."

"Nilidhani wewe ndiye unayekwenda kuona."

Clifford niliyemzoea, baada ya kusema neno kama hilo, angecheka mpaka beseni limwagike. Huyu aligeuzia uso televisheni. Na televisheni nayo, haina adabu, ikawa inatangaza mambo yaleyale: je, uliuziwa bima ya mkopo, siku zinakwisha, dai sasa.

"Wapuuzi," akasema Clifford. "Wamekopa, wamekula, sasa wanataka kulipwa kwa sababu walikopa."

"Walidanganywa, Clifford."

"Mtu mzima anadanganywaje?"

"Taratibu," nikamwambia, nikimkausha vidole. "Kimoja kimoja."

Nikamwaga maji, nikamwachia chai na chapati mbili za shayiri zenye jibini, kisha nikaingia jikoni kuosha vyombo. Mwili haukutulia. Wiki nzima nilikuwa hivyo: nikiketi nataka kusimama, nikisimama nimesahau nilisimama kwa nini. Nikaosha sahani ya jana, na bila kufikiri nikaigeuza.

Sisi watu wa vyungu hatuwezi kushika sahani bila kuigeuza tuone nembo ya kiwanda kilichoitengeneza. Kwenye harusi ya mpwa wangu huko London, meza yetu yote tuligeuza sahani kabla ya supu. Watu wa upande wa bwana harusi wakainamisha vichwa, wakidhani tumeanza sala.

Sahani ikiwa hivyo mkononi, tumbo juu, maji yanachuruzika, nikaganda.

Mwaka ule wa mkopo, Clifford alikuwa akifungua kila bahasha na kusoma kila karatasi iliyoingia mlangoni, mpaka ya muuza mapazia. Na mimi nilihitaji namba ya mkopo kila mwezi, nikienda kulipa dirishani benki. Niifiche wapi? Nikachukua brashi yangu nyembamba kuliko zote, ile ya mishipa ya majani, nikaiandika kwa rangi ya buluu chini ya sahani moja yenye maua, pembeni ya nembo. Sahani ikaenda kiwandani, ikaingia tanuri pamoja na wenzake, nikairudisha nyumbani. Karatasi ikiingia motoni inakufa. Rangi ya sahani ikiingia motoni ndiyo kwanza inaanza kuishi.

Namba ilikuwepo. Tatizo ni kwamba sahani haikuwepo. Nilimpa Glenys.

Glenys Tunnicliffe ni shoga yangu tangu tukiwa kwenye benchi moja kiwandani. Mwaka 2004 alitimiza miaka sitini, na hela ya zawadi yake nilikuwa nimekwisha kuipoteza kwenye ukumbi wa bingo, mimi mwenye mkono wa bahati. Nikaifunga ile sahani kwa karatasi nzuri, nikampelekea. Namba chini yake nilikuwa nimeisahau kabisa. Deni lilikuwa limekwisha, nani anakumbuka namba ya deni lililokwisha?

Kumpa mtu wa Burslem sahani ukitumaini hataigeuza ni kumpa mbwa mfupa ukitumaini atautunza. Lakini hilo nilikuja kulifikiri baadaye, nikiwa nimeshafika mlangoni kwake, juu ya kilima, sina pumzi.

"Ingia," akasema Glenys. "Mbona umesimama kama mdai kodi?"

Nilipopita akanigusa mkono wa sweta, kwa kuwa kesho yake alikuwa na bingo. Akaweka birika.

Sahani niliiona mara moja. Ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya jiko, maua yangu yamekaa kimya kama yasiyojua kitu.

"Glenys, naomba uniazime ile sahani. Dakika moja tu."

"Unataka kuigeuza."

"Nani kasema?"

"Doreen, sahani hiyo mimi niliigeuza hata keki haijakatwa."

Nikaketi. Naye akaketi mbele yangu, akanishika mikono, sauti ikashuka kama tuko msibani.

"Miaka kumi na tano nimeiatamia siri yako. Sijamwambia mtu. Nimemwambia Joyce, na Joyce unamjua, haongei. Na wale wa bingo, lakini wale ni kama ndugu."

"Umewaambia nini?"

"Habari za mwanamume wako."

"Mwanamume gani?"

"Mwenye hiyo namba. Mtu haandiki namba ya fundi bomba chini ya sahani, akaitia tanuri. Namba ya fundi bomba inawekwa kwenye friji."

"Uliipiga?"

"Mara moja." Akanywa chai. "Mara tatu. Mashine ikaniambia hakuna namba kama hiyo. Nikakuonea huruma sana. Nikasema maskini shoga yangu, bwana kahama bila kuaga."

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana hapo nilikuwa njia panda. Nikimwambia Glenys kwamba ile ni namba ya mkopo, Clifford atajua kabla chai haijapoa. Nikinyamaza, nitakuwa na hawara. Nikapima. Na nikwambie kweli, msomaji wangu, kwa mtu wa miaka sabini na mitano hawara si tuhuma mbaya hivyo. Niliona hata mgongo umeninyooka.

"Yalikuwa mambo ya zamani," nikasema, nikatazama chini.

"Najua, shoga. Najua. Alikuwa na nywele?"

"Alikuwa na tai ya njano."

"Ah," akasema Glenys, akafumba macho.

Akapanda kwenye kiti kunishushia sahani. Akiwa bado huko juu, mgongo kwangu, akasema kama mtu anayetaja habari za mvua: "Clifford sijamwambia. Mimi si mtu wa namna hiyo. Niliwahi kumuuliza tu."

"Kumuuliza nini?"

"Kama anaifahamu ile namba."

"Lini?"

"Jumanne ile ya chapati za maji, kabla ya Kwaresima. Alikuja kunipigilia msumari wa kuitundika. Basi si akaigeuza? Kosa langu liko wapi, mtu wa Burslem na sahani mkononi? Akasema, huu ni mwandiko wa Doreen. Nikasema naam, na namba je, ya nani?"

"Akasema nini?"

"Aliupiga huo msumari mpaka kichwa kikazama ukutani. Nikaona bora niwashe redio."

Mwanamke mwenye akili angetulia hapo akahesabu siku, kutoka Jumanne ile ya chapati mpaka magoti ya mume wake kugoma. Vidole vya mkono mmoja vingetosha. Lakini mimi nilikuwa nimeshaishika sahani, nimeshaigeuza, na namba ilikuwa inanitazama, ya buluu, tarakimu kumi na moja kama namba ya simu, haijapungukiwa hata mkia.

"Mpigie," akasema Glenys. "Labda mimi niliikosea."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Simu yangu hiyo. Mimi nitatoka."

Akatoka. Aliishia nyuma ya mlango, na kivuli cha ndala zake kilibaki kwa chini.

Nikapiga benki. Baada ya muziki mrefu kuliko ibada, akapokea kijana. Akasema anaitwa Fraser, yuko Scotland. Sauti yake laini, ya mtu ambaye ungempa funguo za nyumba.

"Nina namba," nikamwambia.

"Nisomee, mama."

Nikaisoma nikiwa nimeikumbatia sahani kifuani. Nikasikia anabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kingine, na katika kimya hicho nilizeeka tena kidogo.

"Nakuona," akasema Fraser. "Doreen Colclough. Pauni elfu tatu, Mei tisini na sita. Na bima imeandikwa hapa, pauni mia saba na ushee. Ukiweka riba ya miaka yote hii, mama, ni hela ya maana."

"Inatosha kiti cha ngazi?"

"Samahani?"

"Endelea, mwanangu."

"Siwezi kuendelea kwa simu hii, si ya jina lako. Lazima nikupigie nyumbani, kwenye simu iliyosajiliwa kwako, nithibitishe kwamba wewe ndiye wewe. Nitapiga saa nane kamili. Tafadhali uwepo. Nisipokupata, dai linarudi kwenye foleni bila kufunguliwa, na foleni kwa sasa ni majuma matatu."

Majuma matatu. Na siku za kudai zilikuwa zimebaki kumi na sita.

"Nitakuwepo," nikasema. "Nakungoja wewe tu."

Mlango ukafunguka kabla sijaweka simu.

"Sauti nzuri," akasema Glenys. "Yuko wapi siku hizi?"

"Scotland."

"Mbali kidogo, kwa umri wako."

Nikataka kuondoka, hakukubali. Nile kwanza. Nikala nimesimama, jicho kwenye saa. Nione kwanza picha za Darren. Darren ni mwanawe, lile pande la mtu ambalo huja kwetu Jumapili kumshika Clifford mkono atoke nje apate hewa. Alikuwa amesafiri Jumamosi kwenda Tenerife. Glenys akanionyesha kwenye simu yake ndogo: Darren mchangani, Darren na bia, Darren tumbo jekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Hii kanitumia leo asubuhi. Anarudi Jumamosi ijayo. Mwambie Clifford avumilie."

"Nitamwambia," nikasema, nikatoka na midomo yenye jibini.

Basi lililoandikwa kituoni kwamba linakuja halikuja. Nikashuka kilima kwa miguu. Saa nane kasoro kumi niko kwenye duka la magazeti. Saa nane kasoro tano niko kanisani. Njiani nilijitia moyo kwa jambo moja: hata nikichelewa dakika mbili, hakuna atakayeipokea ile simu. Maana simu yetu ya nyumbani iko juu, chumbani, kando ya kitanda. Niliipandisha mwenyewe mwezi wa Juni, siku niliyoanza kuzungumza na benki, Clifford nikamwambia ni kuwaepuka wale mawakala wanaopiga kila siku wakitaka wakudaie hela za bima, kisha wachukue robo. Mtu asiyeweza kupanda ngazi hawezi kupokea simu iliyo juu ya ngazi. Niliona nina akili kuliko benki zote tatu.

Nikakata kwa uchochoro wa nyuma ili nifupishe njia. Gari la taka lilikuwa limepita, na mapipa yote ya mtaa yamesimama ovyo katikati. Nikawa nayasukuma, hili huku, hili kule, huku nimeinua uso kulitazama dirisha la chumba chetu lililokuwa wazi.

Simu ikalia.

Nikasukuma pipa la mwisho likaanguka. Simu ikalia mara ya pili. Nikalishika komeo la lango, mkono unateleza. Ikalia ya tatu.

Ikanyamaza.

Nikasema amekata. Nikasimama pale na komeo mkononi, nikiona foleni ya majuma matatu, na kile kitanda. Kisha nikajiuliza: kijana mpole kama Fraser, anakata simu kwa mlio wa tatu? Simu ikinyamaza kwenye mlio wa tatu, imepokewa. Na ndani ya nyumba hamkuwa na mtu ila mtu asiyeweza kupanda ngazi.

Nikaingia kwa mlango wa jikoni. Sikuita.

Televisheni ilikuwa inajisemea peke yake. Fimbo ya Clifford imeegemea kiti. Kwenye kiti, blanketi limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na hakuna mtu ndani yake.

Nikaenda mpaka chini ya ngazi, nikainua macho.

Clifford alikuwa amesimama juu kabisa, hana viatu, nywele zimelowa, taulo shingoni. Harufu ya sabuni yangu ya waridi ilikuwa inashuka ngazi mbele yake. Ametoka kuoga. Mtu ambaye asubuhi ile nilimpigia magoti na beseni. Hakushika ukuta wala reli. Mkono mmoja alikuwa na simu, na ule mwingine ameufunika juu yake ili aliye upande wa pili asisikie.

"Doreen," akasema, "kuna mwanamume anakutaka."

Nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Nimemuuliza wewe ni nani. Anasema haruhusiwi kuniambia. Nimemuuliza unamtakia nini mke wangu. Anasema hilo ni siri kati yake na wewe." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningejua la kufanya. "Anasema ulimwambia unamngoja yeye tu."

Ndipo nikaihesabu ile Jumanne ya chapati, sasa, wakati haisaidii tena. Msumari umezama ukutani. Wiki hiyo hiyo, mto wa Clifford umeteremka sebuleni. Miezi mitano ya beseni. Na njia ya kumtoa hawara kichwani mwake ilikuwa moja tu, kumwambia Clifford kwamba alimshika kaka yake mkono kwa hela ya mkopo.

Nilijua natakiwa nimpe jibu. Lakini mimi nikibanwa huwa nauliza.

"Clifford," nikasema, "nani kakupandisha huko juu?"

Akafumba macho mara moja, akayafumbua.

"Darren."

"Darren wa Glenys?"

"Alipita hapa sasa hivi. Kanishika mkono, kanipandisha, kaenda zake. Nilitaka kuoga, nimemwomba. Goti lenyewe unalijua."

"Darren yuko Tenerife tangu Jumamosi," nikamwambia. "Nimetoka kwa mama yake, nimemwona kwenye picha ya asubuhi hii. Yuko kwenye maji mpaka kiunoni."

Kutoka mkononi mwake nikaisikia sauti ya Fraser, ndogo, ya adabu, ikiniita kwa jina na kuuliza kama bado nipo.

Clifford aliitazama miguu yake miwili, imesimama pale juu imenyooka kama ya askari. Kisha, taratibu, mbele ya macho yangu, akakunja goti moja kama linalomuuma na kutafuta reli kwa mkono.